Chai ya Jumamosi na Bastola ya Mgeni

"Dada, bunduki inaweza kukataa kutoa risasi namna gani, bila mwenyewe kujua?"

Swali hilo lilinifikia asubuhi, kwenye ukurasa wa klabu yetu ya shabaha, nikiwa nimekaa kwenye benchi la saluni ya mama nakula mkate. Nililisoma, nikaweka simu chini, nikaichukua tena. Sikuweza kulijibu, na si kwa sababu sikujua chochote kuhusu bunduki. Sikumjua anayeuliza. Mahali fulani katika jiji hili palikuwa na mtu mwenye bunduki, na palikuwa na mwingine aliyetaka bunduki hiyo isifanye kazi siku itakapohitajika. Mmoja wao angeweza kufa. Nilichoshindwa kujua ni yupi.

Saluni ya mama iko South Beach, Durban, chini ya jengo refu la fleti ambamo sisi wenyewe tunaishi juu, upande usioona bahari. Tulitoka Bukavu nikiwa mdogo. Ninachokumbuka kuhusu bunduki za kule ni viganja vya mama juu ya masikio yangu. Wakubwa hawakuwahi kutueleza chochote, nami jambo lisipoelezwa huwa halinipi usingizi. Kwa hiyo nilipofika chuo kikuu, wiki ile ya kukaribisha wanafunzi wapya, nikaona vilabu vimetandaza meza zao na meza ya kulenga shabaha haina mtu, nilisimama. Nilitaka kujua kitu kile kina uzito gani kikiwa mkononi mwa mtu asiyemchukia yeyote. Mama aliposikia aliendelea kusuka hadi jioni, kisha akasema, "Sisi tulikimbia bunduki na miguu. Wewe unaifuata na teksi."

Nilimaliza shahada ya sosholojia, kazi sikupata, nikawa nafagia nywele saluni na Jumamosi naenda klabu nyingine nje ya mji, kwenye machimbo ya zamani ya mawe juu ya kilima. Msimamizi wa uwanja ni mwalimu mstaafu wa hesabu, Mhindi mzaliwa wa Durban, ambaye kila mtu pale humwita Anko. Ni mtu mfupi, mpole, na hana mzaha na mambo mawili: mtutu wa bunduki na chai.

Desturi yao ya chai sijaiona kwingine. Watu wakimaliza kulenga hukusanyika chini ya paa la bati, lakini birika haliwashwi mpaka kila bunduki iliyopo pale iwe imefungiwa kwenye sefu. Ya mwanachama, ya mgeni, hata ya polisi akija na yake kiunoni. Ufunguo uko shingoni mwa Anko, ndani ya shati. Mzee mmoja aliyewahi kubisha aliishia kunywa maji ya bomba hadi alipochoka mwenyewe.

Mimi nilipewa kazi ya kujibu ujumbe wa wageni kwa sababu nasoma Kiswahili na Kifaransa, na kwa sababu, alisema Anko, napenda kuuliza maswali, basi niwaulize wengine. Watu tusiowajua hutuandikia kila wiki. Wengi ni wadadisi tu. Kijana anataka risasi moja aivae shingoni. Bwana harusi anaomba kuazima bunduki ya kupigia picha, ataleta kesho yake, naapa kwa Mungu. Mjane amekuta bastola ya marehemu kabatini na tangu hapo nguo zake amezihamishia kwenye kiti. Huyo tunamwambia asiiguse, awaite polisi waichukue, na Anko hukaa naye kwenye simu mpaka wafike. Wapo pia wale wanaoanza na salamu tamu mno, halafu wanauliza kama kuna mwanachama mwenye kitu cha kuuza bila habari ya karatasi. Hao huwa na haraka, na hukasirika ukiwauliza swali la pili.

Tunachofanya ni kutofundisha mtu kitu, kutotukana, kutofuta. Ujumbe wa kutia shaka naupeleka kwa Anko. Ukiwa wa jinai, anaupeleka kituo cha polisi mwenyewe. Ukiwa haueleweki, tunamwalika aliyeandika aje Jumamosi mchana anywe chai. Anko anaamini mwenye nia mbaya hawezi kukaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya watu na kuulizwa anatia vijiko vingapi vya sukari. Nilimuuliza imani hiyo ameipima wapi. Akasema ningekuwa darasani kwake angeniombea uhamisho.

Swali la asubuhi ile halikuwa la harusi wala la karatasi. Aliyeliuliza alikuwa na jina la ua kwenye akaunti yake, na picha ya watoto wawili waliovaa nguo za kanisani. Nikaona mama wa watoto. Nikamwandikia kama dada, naye hakukataa.

Nilimuuliza bunduki ni ya nani. Akajibu ni ya mtu wa kwao, mlinzi kwenye ghala huko Mobeni, na kwamba anarudi nayo nyumbani. Hilo peke yake lilikuwa baya. Bastola ya kampuni inapaswa kubaki kazini zamu ikiisha. Nikauliza kwa nini anataka ikatae. Jibu lilichelewa hadi mama akafungua saluni na mteja wa kwanza akawa tayari ana kichwa ndani ya beseni.

"Juu siku moja ataitumia," aliandika. "Juu" kwa watu wa kwetu ni "kwa sababu".

Anakupiga? "Hapana. Hapigi mtu. Ni mutu mupole." Jibu hilo nililijua. Nimelisikia juu ya benchi lile lile tangu nikiwa msichana wa shule, kutoka kwa wanawake waliovaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Anakunywa? Hapana. Watoto wako wapi? "Watoto iko Uvira." Nikawaza: amewaondoa, ana akili. Anasema nini akiwa na bunduki?

"Hasemi. Anaiweka juu ya meza, anaiangalia."

Niliona chumba chote. Mume mezani, mke amesimama karibu na mlango, ameshika viatu mkononi. Niliona hata rangi ya pazia. Nimefundishwa chuoni kutilia shaka kila chanzo, na pazia lile sikulitilia shaka hata kidogo.

Mchana nilipanda teksi kwenda nyumbani kwa Anko. Nilimkuta barazani na mwanachama mwenzetu mwenye malori yake Clairwood, mtu wa mwili mkubwa na maneno makubwa zaidi. Nikawaonyesha simu. Mwenye malori alisoma polepole, akasoma tena, na kile kicheko chake cha kawaida hakikuja.

Alisema huyo si mke, hilo ni genge. Akatueleza jambo ambalo hakuwahi kulisimulia klabuni. Lori lake lilipoporwa, mlinzi aliyekuwa ndani alivuta bastola na bastola haikulia. Mtu wa ndani ya kampuni alikuwa ameichezea siku moja kabla. Mlinzi yule leo anatembea kwa fimbo. "Kwa hiyo Profesa," akaniambia, "wewe ukimfundisha huyu dada yako, kuna baba wa watu Mobeni atavuta mbele ya wezi, na kitu kitakuwa kimya."

"Simfundishi. Nauliza tu ni genge gani linaandika kwa adabu hivi."

"Genge lililosoma. Kama wewe."

"Na kama ni mke wake?"

"Aende polisi."

"Umewahi kwenda polisi na karatasi ya ukimbizi iliyopita muda, bosi?"

Akajikuna shingo. "Eish. Mimi nimewahi kwenda na lori lililoibiwa, na bado walinikalisha mpaka jioni."

Tuligombana hivyo kwa muda. Yeye alimwona mlinzi wake, mimi nilimwona mke wangu wa kichwani, na kila mmoja aliamini anatetea uhai wa mtu. Uwanjani tunafundishwa, kabla ya kitu kingine chochote, kuuliza mtutu umeelekea wapi. Sote tuliuliza hivyo siku ile, na sote tuliangalia mbele.

Anko alituacha tuchoke. Kisha akasema tunagombania anayeuliza, wakati jibu ni lile lile kwa yeyote yule. "Bunduki haitengenezwi ikatae," alisema. "Bunduki inaondolewa."

Nilimuuliza inaondolewa na nani. Kampuni, akasema. Au polisi, sheria inawaruhusu kuichukua kwa mtu anayehofiwa. Au mwenyewe. Hapo mwenye malori alipata tena kicheko chake. Siku mwenye bunduki atakapoitoa mwenyewe, alisema, ng'ombe watapanda teksi na kulipa nauli.

Nilirudi nyumbani nikaandika kama tulivyokubaliana: kwamba hatutamfundisha mtu kuichezea bunduki, kwa sababu bunduki iliyochezewa inaua pia, na kwamba inayotisha huondolewa nyumbani. Aambie kampuni. Kama anaogopa, mimi nitapiga simu badala yake. Akajibu, "Nikisema, kazi iko kwisha. Watoto watakula nini?"

Niliandika kwamba maiti halishi mtoto. Nikafuta. Nikaandika kwamba namwelewa. Nikafuta hiyo pia, kwa kuwa haikuwa kweli. Mwishowe nilimwalika chai. Nilimwambia aje Jumamosi mchana, peke yake au pamoja na huyo mtu, na kwamba kwetu hakuna chai mpaka kila bunduki ifungiwe, ya mlinzi na hata ya polisi, na haitoki mpaka mzee afungue.

Akauliza: "Na mwenyewe akiiomba?"

Nikampigia Anko. Akasema akimwona mtu hayuko sawa hampi, anawaita polisi waje wamwamulie. Nikaandika: akiwa hayuko sawa, hapewi.

"Bon," akaandika. "Asante dada."

Kati ya siku ile na Jumamosi nilikuwa mtu wa ovyo. Kila asubuhi, mama akiinua mlango wa chuma wa saluni, nilimwandikia: iko sawa? Na kila asubuhi, baada ya dakika ambazo sikujua nizifanyie nini, alijibu: iko. Nilichana wateja kwa nguvu mpaka wakalalamika. Nilipiga simu kituo cha polisi. Mtu mwenye sauti ya uchovu akaniuliza jina la mlinzi, jina la mke, jina la barabara, na nilipokosa yote matatu akaniuliza mimi ni nani hasa katika habari hii. Lilikuwa swali zuri. Usiku nilijiambia kwamba hakuna mke, ni genge, limekwishacheka na kunisahau. Asubuhi nikaandika tena: iko sawa?

Mama aliuliza kwa nini siko mzima. Nikamweleza. Alisikiliza huku akisuka, mikono yake haikusimama. Akasema mwanamke wa namna hiyo angekuwa amekwisha kupita kwake. "Mwenye kupigwa mimi namjua kwa kichwa. Ukimgusa hapa," akagusa nyuma ya sikio la mteja wake, "anakuambia mama usikaze. Huyu wako sijamgusa."

Nilimwambia kutomwona si ushahidi kwamba hayupo. Mama akasema hiyo ni lugha ya chuo, na kwamba nimpe kichana.

Jumamosi kulikuwa na manyunyu. Watu walilenga kidogo wakakata tamaa na ukungu. Anko alikuwa ameanza kukusanya bunduki za watu kabla ya chai nilipomwona mwanamume akipanda barabara ya kilima kwa miguu, amevaa sare ya ulinzi na koti la mvua. Nyuma yake hapakuwa na mwanamke. Niliendelea kutazama nyuma yake hata alipofika langoni.

Wazo langu lilikuwa moja tu: ameikuta simu ya mke wake. Amesoma kila kitu, pamoja na kilima chetu na saa ya chai, na amekuja kumwona anayemfundisha mkewe uasi.

Alimsalimia Anko kwa Kiingereza cha kuvunjika, na kabla hajaulizwa akasema anayo moja, aiweke wapi. Anko alimfanya aiweke mezani, tupu, mdomo ukiangalia tuta la udongo, kisha akaifungia kwenye sefu pamoja na mkoba wake wa ngozi. Mgeni aliutazama ufunguo mpaka uliporudi ndani ya shati.

Akakalishwa kwenye kiti cha plastiki. Anko akauliza vijiko vingapi. Vinne. "Huyu si mtu mbaya," mwenye malori akanong'ona, "ni mgonjwa wa sukari mtarajiwa." Watu wakacheka, na mgeni, ambaye nadhani hakusikia, akacheka nao kwa adabu.

Mimi ndiye niliyempelekea kikombe. Nilipomkaribisha, alisikia lafudhi yangu akageukia Kiswahili palepale.

"Dada ni mtu wa upande gani?"

"Bukavu."

"Jirani. Mimi Uvira."

Uvira, walikokuwa watoto. Basi ndiye. Nilimtazama mikono. Ilikuwa safi, kucha zimekatwa. Nilijiuliza nilitarajia kuona nini.

"Ile sefu," akasema, "inafunguliwa na mutu moja tu?"

"Mmoja tu."

"Hata mwenyewe akilia?"

Nilidhani ananikejeli, anayarudia maneno niliyomwandikia mke wake ili nijue kwamba anajua. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu hutoka kama baridi. "Hata akilia," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akanywa chai yake yote. Nilitaka kumuuliza mke wake yuko wapi, lakini ningeuliza ningekuwa nimemsaliti. Nikamuuliza habari za mvua. Nikamuuliza habari za mpira. Alijibu kila kitu taratibu, kama mtu aliyeingia chumba cha wageni na hataki kuchafua kochi. Kisha akasimama akaosha kikombe chake, akaosha na vya wengine. Mwenye malori akamwambia akichoka na Mobeni aje Clairwood, amwajiri mwanamume anayeosha vyombo. Akampa mkono kila mmoja wetu. Mimi alinipa yote miwili. Akateremka kilima kwenye manyunyu.

Anko alipokuwa akiwarudishia watu vitu vyao ndipo alipoita jina langu kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia. Sefu ilikuwa wazi. Bastola ya mgeni ilikuwa pale pale.

Nilikimbia hadi langoni. Barabara ilikuwa tupu hadi kona ya chini. Nyuma yangu mwenye malori alikuwa amekwisha kuanza: alisema, alisema tangu mwanzo, sasa tumeachiwa chuma chenye damu ya mtu, polisi watakuja na klabu itafungwa na sisi pamoja nayo. Anko hakubishana naye. Alisema hatulali na bunduki ya mtu asiyejulikana, akawapigia polisi, na kwa kuwa mkoba ulikuwa na alama ya kampuni ya ulinzi, akaipigia kampuni pia.

Gari la polisi lilipanda kwanza. Bosi wa kampuni akafuata, amekasirika kuliko yeyote, kwa sababu bastola haikutakiwa kuwa nje ya ghala hata kidogo na sasa polisi walikuwa wakimuuliza yeye. Alisema mlinzi huyo kazi imekwisha, leo hii. Nilimshika mkono wa koti. Nilimwambia asimfukuze leo, anarudi nyumbani bila kazi na bila bunduki, na kuna mke ndani.

"Mke gani?" akasema. "Mimi nina namba yake ya kazi tu."

Anwani aliyokuwa nayo ilikuwa ya jengo ambalo mlinzi alihama zamani. Polisi aliiandika hivyo hivyo. Nikachukua simu, nikamwandikia dada yangu wa ua kwamba mume wake ameacha bunduki kwetu na amepoteza kazi, kwamba atoke kwenye nyumba sasa hivi, aende kwa jirani, aende kanisani, aje kwetu South Beach, mama atampokea.

Jibu lilikuja polisi akiwa bado amesimama kando yangu.

"Asante dada. Sasa nitalala."

Niliandika: usilale, toka. Ujumbe haukwenda. Nilipofungua tena ukurasa, jina la ua na wale watoto wawili havikuwapo.

Sijui niandike vipi majuma yaliyofuata. Niliyatumia kumtafuta mwanamke. Niliuliza kwenye lifti za majengo ya South Beach, kwenye meza za wanaotengeneza simu, kwenye makanisa ambako watu wa Uvira husali. Hakuna aliyemjua mke wa mlinzi wa Mobeni. Mlinzi mwenyewe hawakumjua. Anayefanya kazi usiku na kulala mchana, Jumapili ikiwemo, atajulikana na nani? Nilisoma habari za kila mwanamke aliyeuawa mjini, na nilipokuta ametajwa jina na jina si la kwetu, nilipumua, kisha nikajichukia kwa kupumua, maana yule naye alikuwa mtu. Maneno yale mawili ya mwisho, sasa nitalala, niliyageuza kila upande. Niliona mke amelala na mlango umefunguliwa. Sikuweza kuona kitu kingine.

Mwenye malori, yule aliyesema ni genge, alikuja siku moja saluni bila kualikwa, akajaza mlango mzima, akamwambia mama anamwazima binti yake. Tulizunguka Mobeni mchana kutwa kwenye gari lake, lango moja hadi jingine, yeye akiwauliza walinzi kwa Kizulu na mimi kwa Kiswahili. Mmoja alimkumbuka mtu wetu. Alisema ni mtu aliyekuwa akigawa chakula chake. Alikokwenda hakujua. Kwenye robot, kama taa za barabarani zinavyoitwa hapa, tukirudi mjini, taa ikiwa nyekundu, mwenye malori alisema bila kunitazama, "Pengine tulimwokoa mlinzi, tukamuua mke." Taa ikawa kijani na hakuondoka mpaka wa nyuma wakapiga honi.

Klabu sikuiacha. Anko alidhani nitaiacha, mama aliomba niiache. Niliendelea kujibu ujumbe wa wageni, ila kila aliyeandika nilimuuliza sasa jambo ambalo zamani halikuwa kwenye maswali yetu: na wewe mwenyewe, uko salama? Wengi walikasirika. Wachache waliandika mambo marefu, nikawaelekeza kwa watu wanaojua kusikiliza kuliko mimi.

Muda mrefu ulipita. Nilipata kazi Clairwood, kwenye ofisi ya kampuni ya mizigo, kazi ya kuhakikisha makontena yanaondoka na karatasi zake. Asubuhi moja nilikatiza ghalani kwenda kumtafuta dereva, na mtu aliyekuwa akiendesha foklifti akaizima, akashuka, akavua kofia.

Alikuwa amenenepa kidogo. Mikono ilikuwa ile ile. Alisema, "Dada wa chai."

Sikumsalimia. Nilikuwa nimelibeba swali kwa muda mrefu mno. "Mke wako yuko wapi?"

Alinitazama kama mtu asiyeelewa, kisha nikamwona akielewa. Akanikalisha juu ya mzigo wa mbao. Mke wake alifariki Uvira akimzaa yule mtoto mdogo, kabla yeye hajafikiria hata kuja Afrika Kusini. Watoto wa kwenye picha wanalelewa na bibi yao. Durban hakuwahi kuishi na mtu. Ujumbe wote aliuandika yeye, asubuhi akitoka zamu, na kile kitu kikiwa mbele yake juu ya meza.

Nilimuuliza kwa nini alisema ni mtu wa kwao. "Juu kuombea mwingine ni rahisi," akasema. Alisema tena kwamba Jumatatu iliyofuata chai ile alikwenda kliniki, akamwambia nesi kila kitu, na nesi hakumcheka. Sasa huzungumza na watoto kila Jumapili.

Msimamizi wake alimwita. Alirudi kwenye foklifti, na akiwa ameshika usukani akaniambia jambo la mwisho. Jumamosi ile hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alisimama kwenye kituo cha teksi chini ya kilima, kwenye manyunyu, akaziacha teksi zipite, kwa sababu miguu yake ilitaka kupanda tena kuja kuiomba bastola yake. Alikaa pale mpaka alipoliona gari la polisi likikata kona kuelekea kwetu. Ndipo alipoinua mkono kusimamisha teksi.